Gurudumu Moja, Boda Moja: Jinsi Baiskeli Ilivyotufikia

Leo zamu ya kuandika imetuangukia sisi wa Namoto, na tumeamua kuandika historia ya baiskeli. Wengine watacheka. Subirini kwanza.

Chanzo ni dogo mmoja hapa kwetu, ana miaka kumi na tatu. Baiskeli ya marehemu baba yake ilipinda ringi ya mbele, na fundi akamwambia hana ringi nyingine, labda mwezi ujao. Dogo hakusubiri mwezi ujao. Aliegemeza ile baiskeli kwenye mwembe, akapanda, akanyanyua uma wa mbele juu, akakanyaga. Siku ya kwanza alienda kama hatua saba, akaanguka na kuchubuka goti. Siku ya nne alifika mpaka kwenye bomba la maji, watoto wote nyuma yake wakipiga kelele kama siku ya Idi. Sisi tulirekodi kwa simu. Mfanyakazi mmoja wa shirika alipoona ile video alisema kuna watu duniani wanaofanya hivyo kwa makusudi, kwa chombo kilichotengenezwa hivyo toka mwanzo, na wana mashindano ya dunia. Hatukumwamini. Akatufungulia picha kwenye simu yake, tukaona watoto wa shule Japani wanazunguka uwanja kwa gurudumu moja moja, wameshikana mikono.

Tangu hapo tukaanza kusoma. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Baiskeli ya gurudumu moja haikubuniwa na mtu mmoja siku moja. Inaelezwa kwamba ilitokana na zile baiskeli za Ulaya za miaka ya 1870, zenye gurudumu la mbele kubwa kupita kifua cha mtu na la nyuma dogo kama sahani. Pedali zilikuwa zimefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu kubwa, hakuna cheni. Mwendeshaji akishika breki ghafla, gurudumu dogo la nyuma linanyanyuka, na kwa sekunde kadhaa anajikuta yupo juu ya gurudumu moja tu. Waoga walianguka kifudifudi. Wajanja wakagundua kwamba wanaweza kukaa hivyo hivyo, na baadaye wakaona lile dogo la nyuma halina kazi, wakaliondoa.

Kwa nini gurudumu lilikuwa kubwa hivyo? Hapa tulikaa sana, kwa sababu ni hesabu inayotuhusu. Kama hakuna cheni, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, basi. Gurudumu la inchi 20, ambalo wanaanzia wanafunzi, linakusogeza kama mita 1.6 kwa kila mzunguko. Kutoka Palma mpaka hapa Namoto ni kama kilomita 40. Ungekanyaga mara 25,000. Gurudumu la inchi 36, kubwa kuliko yote yanayouzwa kwa kawaida, linakusogeza karibu mita 2.9, kwa hiyo ungekanyaga kama mara 14,000. Baiskeli yetu hii ya kawaida, inchi 28, ikiwa na cheni inayozungusha gurudumu zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko wa pedali, inamaliza safari hiyo kwa mara 8,000 hivi. Na hapo hatujahesabu mchanga. Mchanga wa barabara ya Namoto hauna hesabu.

Cheni ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na cheni inayoendesha la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ukiunganisha vitu hivyo viwili unapata chombo ambacho fundi wetu amekipindua kichwa chini sasa hivi tunapoandika. Miaka mia moja na arobaini imepita na umbo ni lile lile.

Lile la gurudumu moja likaenda kwingine. Likaingia sarakasi. Kwa miaka mingi Ulaya na Marekani ukisema gurudumu moja, mtu anafikiria mchekeshaji aliyepaka uso rangi anarusha mipira. Ilichukua muda mpaka watu wakaanza kulichukulia kama mchezo wenye sheria zake. Chama cha Marekani kilianzishwa mwaka 1973, cha Japani mwaka 1978, na shirikisho la kimataifa mwaka 1982. Mwaka 1984 wakafanya mashindano ya kwanza ya dunia katika mji wa Syracuse, New York, na tangu hapo yanafanyika karibu kila miaka miwili: Tokyo 2004, Copenhagen 2008, Montreal 2014, Ansan ya Korea Kusini 2018, Grenoble ya Ufaransa 2022. Kuna mbio za mita mia, kuna kuruka vizuizi, kuna kucheza kwa muziki, kuna mpira wa kikapu, kuna kushuka milima. Japani walifanya jambo la maana zaidi, walipeleka vile vyombo shule za msingi. Mtoto anajifunza kwa kushika uzio, kisha anashika bega la mwenzake, kisha anaachia. Kwa hiyo si ajabu kwamba wasichana wa Japani wamekuwa mabingwa wa mchezo huu kwa miaka mingi.

Kuhusu kusafiria, kampuni moja ya matairi ya Tennessee, Coker, ilitoa mwaka 1998 lile gurudumu la inchi 36. Hapo ndipo watu wakaanza kwenda nalo kazini. Mwaka 2008 kule Nova Scotia, Kanada, walifanya mbio za kupokezana za kilomita 800. Kijana mmoja wa Uingereza, Ed Pratt, aliondoka kwao 2015 akazunguka dunia kwa gurudumu moja, akarudi 2018. Tulipomsimulia mzee mmoja hapa habari hiyo aliuliza swali moja tu: mizigo aliweka wapi? Jibu ni kwamba aliifunga kwenye mifuko pembeni mwa gurudumu. Mzee akatikisa kichwa. "Yaani hana hata kariya," alisema, na kwa macho yake tuliona kwamba habari ya Ed Pratt imeishia hapo.

Na mzee ana haki. Gurudumu moja lilianza kama mchezo, likawa maonyesho, ndipo wachache wakaanza kusafiria. Kwetu huku baiskeli ilienda kinyume kabisa. Ilianza kama mguu wa kazi. Mchezo ulikuja nyuma, na sehemu nyingine haujafika bado. Ndiyo maana mtu wa shirika anapotuuliza "mnataka mradi wa michezo au mradi wa usafiri?" tunashindwa kumjibu.

Sasa tuingie nyumbani.

Baiskeli ziliingia Afrika Mashariki na wamisheni, maofisa wa kikoloni na wafanyabiashara, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwenyeji wa kwanza kuwa nayo kijijini alikuwa mwalimu, karani au katekista, mtu wa mshahara. Raleigh za Uingereza ndizo zilizokuwa fahari. Baada ya uhuru zikaja Phoenix za Shanghai na Hero za India, na Tanzania wakaunda zao zilizoitwa Swala. Wazee wetu waliokimbilia ng'ambo ya Rovuma wakati wa vita vya kumtoa Mreno, vilivyoanza 1964, na waliokaa Mtwara na Lindi miaka hiyo, wanazitaja kwa majina kama wanavyotaja ng'ombe. Phoenix ya breki za chuma, ile nzito, unaweza kuipindua ikaanguka na gunia la mihogo juu, ukainyanyua, ukaendelea na safari. Spoku zake, gololi zake, cheni yake, vyote vipo sokoni. Kila fundi anaijua hata usiku bila taa. Mtukumbushe jambo hili tukifika mwisho.

Kwa vijana wa boda, habari kubwa kuliko zote ni Busia. Neno lenyewe limezaliwa huko. Busia ni mji uliokatwa na mpaka wa Kenya na Uganda. Kati ya kituo cha upande mmoja na kituo cha upande wa pili kuna kipande cha barabara ambacho magari ya abiria hayakuwa yanavusha watu. Unashushwa huku, unabeba mizigo yako, unatembea mpaka kule. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli wakaweka kiti cha sponji kwenye kariya, wakawa wanaita abiria kwa Kiingereza cha barabarani: boda kwa boda, mpaka kwa mpaka. Jina likabaki boda boda. Si abiria tu waliovushwa. Uchumi wa Uganda ulipoharibika wakati wa Idi Amin, magendo yalitembea kwa baiskeli usiku, na kahawa ilipopanda bei duniani mwaka 1976 na 1977, soko la Chepkube upande wa Kenya lilitajirisha watu kwa kahawa iliyotoka Uganda kwa njia za vichochoro.

Pikipiki zilikuja baadaye, miaka ya 1990 Uganda, na Kenya zikafurika baada ya serikali kupunguza mzigo wa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Leo ukisema bodaboda kila mtu anafikiria pikipiki. Wenye baiskeli ndio waliotoa jina, na jina likachukuliwa. Sisi hili linatuuma kidogo, hatujui kwa nini.

Lakini angalieni ramani. Hapa tulipo ni boda pia. Namoto ni kituo cha Msumbiji, ng'ambo ya mto ni Kilambo, Tanzania. Kipande hiki cha ardhi kilikuwa kinagombaniwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Wajerumani walikichukua mwaka 1894, eneo lote la Kionga kusini mwa mdomo wa Rovuma. Wareno wakakirudisha Aprili 1916 katikati ya Vita Kuu, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukakiandika rasmi kuwa cha Wareno. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1890 aliweza kutawaliwa na mataifa matatu bila kuhama kibanda chake, ukihesabu na bendera ya Sultani wa Zanzibar iliyokuwa pwani hii kabla. Mpaka ulimpita yeye, si yeye aliyepita mpaka.

Kivuko cha magari hapa kimekuwa kikifanya kazi na kusimama miaka mingi, na daraja la Umoja lililofunguliwa 2010 lipo mbali juu huko Negomano. Kwa hiyo mtu wa kawaida anavuka kwa mtumbwi au boti. Baiskeli inalazwa juu ya magunia, pedali moja inaning'inia nje juu ya maji, na mwenye baiskeli anashika usukani njia nzima kana kwamba itaruka. Kuna viboko na mamba humo. Vipuri vyetu vyote vinakuja hivyo, kutoka Mtwara. Samaki wakavu na nazi zinaenda hivyo. Kama Busia ni mama wa boda boda, basi Namoto ni shangazi yake ambaye hakuna aliyemwandika.

Ndani ya Msumbiji yenyewe, mji wa baiskeli ni Quelimane, Zambezia. Mji ni tambarare, na teksi za baiskeli ndizo zinazobeba watu kwenda sokoni, hospitali na shuleni. Wenzetu waliopitia huko wanasema ukisimama barabarani dakika moja tu, wanakuja watatu. Wao huita bicicleta kwa Kireno, wa mpakani mwa Malawi wanasema njinga. Na kule Goma, mashariki mwa Kongo, vijana walipokosa hata pesa ya baiskeli walichonga chukudu: chombo cha mbao, magurudumu mawili madogo, hakina pedali wala cheni, unasukuma kwa mguu na mteremko unakusaidia. Kinabeba magunia ya viazi na makaa kuliko pikipiki. Mji umemjengea mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Hatujawahi kuona mji mwingine uliomjengea mbeba mizigo sanamu. Kwa kawaida ni majenerali.

Hata vita vimebebwa hivyo. Mwaka 1954 Wavietnamu waliwashinda Wafaransa Dien Bien Phu wakitumia, pamoja na mengine, maelfu ya baiskeli zilizosukumwa kwa mkono milimani, kila moja ikiwa na mzigo wa kilo 200 hivi. Waliongeza fimbo kwenye usukani na kwenye kiti ili mtu asukume akitembea pembeni. Hii fimbo tunaijua. Mama mmoja wa hapa alifika kwa mtindo huo huo.

Tusimulie kidogo. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu walikimbia kila upande, wengine kwa boti, wengine Quitunda, wengine Nangade kwa miguu, wengine kufuata mto. Yule mama alikuwa na baiskeli ya mumewe, hajui kuipanda. Hakuna aliyewahi kumfundisha, kwa sababu wanawake wa kwao walikuwa hawapandi. Akafunga mkeka na sufuria nyuma, mtoto mdogo akamkalisha kwenye mtalimbo, bibi mzee akashika kiti, na wakasukuma siku tatu. Tulipomuuliza kama baiskeli ilimsaidia alisema ilimsaidia sana, ila alikuwa anawaza njia nzima kwamba amebeba chombo ambacho kingeweza kumbeba yeye. Maneno hayo tuliyaandika siku hiyo hiyo tusiyasahau.

Hapo mtatuelewa kwa nini jambo la wasichana kupanda baiskeli kwetu si la mapambo.

Wapo wanaosema hapa kambini kwamba msichana kwenye baiskeli ni aibu, na wengine wanaleta mambo ya kuharibu mwili. Hatutaki kuwadharau wazee. Tunataka tu wajue habari ya Masomah Ali Zada. Ni Mwafghani. Kabul alitukanwa na kupigwa barabarani kwa sababu anapanda baiskeli. Mwaka 2017 alipata hifadhi Ufaransa, na mwaka 2021 alishindana Olimpiki ya Tokyo katika Timu ya Wakimbizi. Paris 2024 yeye ndiye aliyeongoza msafara mzima wa timu hiyo. Na katika timu hiyo ya Paris alikuwepo Eyeru Gebru wa Tigray, Ethiopia, aliyeacha kwao kwa sababu ya vita akaomba hifadhi Ufaransa. Naye ni wa baiskeli. Wakimbizi wawili, wanawake wawili, chombo kile kile ambacho yule mama alikisukuma siku tatu.

Kama hiyo ni mbali, kuna Zambia. Shirika moja, World Bicycle Relief, lililoanza baada ya tsunami ya Sri Lanka, linatengeneza baiskeli nzito iitwayo Buffalo kwa ajili ya barabara zetu za Afrika, inayobeba kilo 100. Wasichana wa shule vijijini Zambia walipopewa, watafiti walifuatilia, na muda wa njiani ulipungua kwa karibu theluthi moja na utoro kwa karibu asilimia 28. Hiyo si michezo wala si usafiri. Ni msichana kuwahi darasani na kurudi kabla ya giza.

Upande wa mchezo wenyewe, Afrika Mashariki imeamka. Eritrea ndio wakubwa wetu: Waitaliano waliwaletea baiskeli na mwanzoni wakawazuia wenyeji wasishindane nao. Mzunguko wa kwanza wa Eritrea ulifanyika 1946. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot alivaa jezi ya mfalme wa milima katika Tour de France, na 2024 Biniam Girmay alishinda hatua tatu na kuondoka na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Kenya, David Kinjah alikusanya watoto wa Kikuyu nje ya Nairobi, akawafundisha kutengeneza kabla ya kushindana, na mmoja wa wale waliokuja kujifunza kwake alikuwa mzungu mdogo mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, ambaye alikuja kushinda Tour de France mara nne. Rwanda, Adrien Niyonshuti alipoteza ndugu zake katika mauaji ya 1994, akafika Olimpiki ya London 2012 kwa baiskeli ya milimani. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa barani Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda ya wanaume. Sisi tulitazama vipande vipande kwenye simu moja, watu kumi na wawili, betri asilimia tisa. Kilichotushangaza si Pogačar. Ni umati pembeni mwa barabara, na wale wabebaji wa ndizi wa Rwanda ambao kila siku wanapanda vilima hivyo hivyo na kilo mia nyuma, wakiangalia mtu mwenye baiskeli ya kilo saba anasifiwa kwa kupanda kilima. Tunadhani kuna waliocheka.

Sasa lile mlilotakiwa kutukumbusha.

Kuna wakati tuliletewa baiskeli hapa, na shirika ambalo hatutalitaja, nia yao ilikuwa njema. Ishirini, mpya, rangi nzuri, zenye gia. Zilitolewa kwa kamati, na kamati ni wanaume. Hilo la kwanza. La pili, tyubu zake zilikuwa na valvu nyembamba ambayo pampu zetu haziingii. Tairi za inchi ambayo Mtwara hawauzi. Gia zikajaa mchanga wiki ya pili. Fundi wetu, mtu wa miaka thelathini kazini, alikaa nazo akasema hizi si mbovu, ila ni wageni, hazijui lugha ya hapa. Baada ya miezi mitatu kumi na nne zilikuwa zimelala stoo. Tulipoomba zibadilishwe kwa Phoenix kumi tu, za mitumba, tuliambiwa bajeti ilikuwa ya michezo na Phoenix ni ya usafiri.

Wapendwa wa mashirika, tunawaandikia bila hasira. Nyie mna karatasi ya deslocado na karatasi ya refugiado, na sisi kwa Kiswahili ni wakimbizi tu, aliyevuka mto na asiyevuka. Na baiskeli ni hivyo hivyo. Asubuhi inabeba madumu manne ya maji, kilo themanini. Mchana inampeleka mjamzito kituo cha afya. Saa kumi jioni, kabla watu hawajaanza kujifungia, ni mchezo. Hakuna saa inayobadilisha jina lake.

Tumeshakubaliana mambo machache wenyewe. Zile sita zilizobaki nzima tumezikopa kutoka kamati, baada ya vikao vitatu na chai nyingi. Fundi amekubali kufundisha wanne kila Jumamosi: kuziba kiraka, kunyoosha ringi, kukaza spoku, kubadilisha gololi na kupaka grisi. Wawili kati ya wanne ni wasichana, na mmoja ni binti wa yule mama. Mazoezi ya kupanda ni nyuma ya shule ambako hakuna njia ya watu, na bibi wawili wanakaa hapo kuangalia, ndilo sharti walilotoa wazee na tumelikubali. Mama mwenyewe amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alishika baiskeli tu, akaizungusha uwanja mzima akitembea. Mara ya pili alipanda, binti akashika kiti nyuma kama wale watoto wa Japani wanavyoshikana mabega, na akaenda kama hatua ishirini kabla ya kusema basi, basi, niteremsheni.

Ringi ya dogo imefika Jumanne kutoka ng'ambo, imelowa lakini nzima. Amefungiwa. Sasa anabeba maji kwa magurudumu mawili, na akimaliza, mkisikia kelele za watoto upande wa bomba, mjue amenyanyua la mbele tena.

Anayevuka kwenda Mtwara wiki hii atuletee tyubu nne za inchi 28, valvu nene, na pakiti moja ya gololi. Pesa zipo kwa fundi.